Majani ya Bi Harusi

Kabla hakujapambazuka nilisikia ukucha ukigonga kioo. Tik, tik. Kimya kidogo, halafu tik nyingine. Sikuhitaji kufumbua macho. Mume wangu alikuwa sebuleni, ameinama mbele ya tangi lake la samaki, anawaamsha.

"Wameamka salama?" nikauliza kutoka kitandani.

"Wameamka."

"Nami nimeamka salama, asante."

Akaacha kugonga. "Nilikuwa nakuja kukusalimu."

"Najua. Nipo kwenye foleni."

Maisha yake yote alikuwa fundi wa vitasa na funguo, mpaka vidole vilipoanza kumtetemeka na tupa ikawa inakwangua pasipotakiwa. Alipofunga kibanda nilihofu atakaa kwenye kiti mpaka kiti kimchoke. Mjukuu wetu wa kwanza, ambaye hutengeneza meno ya bandia na ana macho ya kuona yasiyosemwa, akamletea tangi la kioo, pampu ndogo ya hewa na samaki wadogo wenye mikia ya rangi. Tangu siku hiyo mzee ana sababu ya kuamka.

Kipenzi chake ni jike mmoja mnene, mwenye mkia mpana kama gauni linaloburuzwa. Tulimwita Bi Harusi. Samaki wa aina hii hawatagi. Huzaa watoto wanaoogelea papo hapo. Ubaya ni kwamba wakubwa huwala. Bi Harusi alishazaa mara kadhaa, na kila mara mzee aliwaona watoto asubuhi, ikifika adhuhuri hakuna hata mmoja. Alikaa tu mbele ya kioo, mikono magotini. Sasa Bi Harusi alikuwa amezeeka, mgongo umeanza kupinda, na tumbo lilikuwa limejaa tena.

"Huu utakuwa uzazi wake wa mwisho," aliniambia nilipomletea chai. "Watoto wanahitaji majani mazito ya kujificha. Yale ya plastiki yanamchana mkia."

"Na majani hayo yanaota wapi?"

Akakoroga chai ambayo nilikwisha kuikoroga. "Kuna kijito nyuma ya nyumba ya dada."

Hapo ndipo nilipoona kuwa alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Dada yake hushona sare za shule, na anaishi peke yake nje ya mji tangu wanawe wahame. Hatukuwa tumegombana. Tulizoea tu kumwambia tutakuja, naye alizoea kutuitikia karibuni, na miaka ikapita hivyo. Jirani yetu anayeendesha gari la maziwa hupita njia hiyo kila asubuhi. Alitupakia mbele, ndoo yenye mfuniko ikiwa magotini mwa mzee, akasema huyo ndoo ndiye abiria mwenye adabu kuliko wote aliowahi kubeba.

Wifi alitupokea mlangoni, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

"Kitasa," akasema. Ndivyo anavyomwita mdogo wake tangu zamani, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya mdomo wake. "Mkeo amekufukuza?"

"Nimemleta mwenyewe, wifi," nikajibu. "Ningekuwa namfukuza, ningemfungashia na nguo."

"Tumekuja kuchuma majani kijitoni," mzee akasema. "Ya samaki. Kuna mmoja anakaribia kuzaa."

Wifi akanigeukia. "Umemsikia? Mimi dada yake nikiugua, ananitumia salamu. Samaki akishika mimba, huyo anapanda gari."

"Amezeeka, dada. Hatazaa tena. Na watoto wake wote wameliwa."

Nadhani wifi alimtazama usoni, maana utani aliuacha hapo hapo. Aliingia ndani akatoka na kigoda anachokalia akishona, pamoja na mto wake. "Naenda kuota jua," akasema. Tulipofika kijitoni alikiweka kigoda kwenye maji ya kina kifupi, akakikandamiza mchangani mpaka kikatulia, akaweka mto juu, halafu yeye mwenyewe akaenda kuketi juu ya jiwe. Mzee, ambaye magoti yake hayakubali tena kuchuchumaa, akakikalia, maji yakimfika vifundoni. Mimi nilijishughulisha na kupandisha gauni langu, ili pasiwe na mtu wa kushukuru wala wa kushukuriwa.

Alichagua majani kama alivyokuwa akichagua funguo. Alitaka yaliyonyooka, yenye shina imara na wekundu chini ya jani, yale yanayosimama ukingoni nusu yakiwa nje ya maji. Mimi niliyang'oa na mizizi yake, yeye akayasuuza na kuyalaza kwa kufuata urefu. Konokono aliowakuta aliwabandua kwa kibano chake cha kazi na kuwarudisha majini.

"Unawauliza kwanza wanataka kushukia wapi?" wifi akasema.

"Huyu alitaka hapa."

Wifi alikuwa ameanza kazi yake mwenyewe. Pale anapochota maji ya bustani huota magugu mengine, membamba kama nyuzi zilizotatana, yanayoelea na kuziba ndoo. Aliyavuta kwa reki, akaona ndoo yetu ina nafasi, akayashindilia kando na juu ya mimea ya mzee, taratibu, kama mtu anayejaza pamba kwenye mto.

"Yasivunjike njiani," akasema. "Nami mnipunguzie takataka."

Siku ile ile mzee alipanda mashina yake kwenye changarawe ya tangi, marefu nyuma, mafupi mbele. Mjukuu alipopita jioni alisema tangi limetoka saluni. Magugu ya wifi niliambiwa niyatupe. Niliyaweka kwenye beseni la maji uani. Niliona vibaya kutupa kitu kilichofungashwa kwa upole ule.

Haukupita muda majani mekundu yakaanza kulegea kama mboga iliyopitiliza jikoni, kisha yakawa yanaonyesha upande wa pili kama kioo, na maji yakachafuka. Yalizoea kuwa na vichwa hewani, nasi tuliyazamisha mazima. Mzee aliyatoa moja moja. Tangi likabaki bila jani, na Bi Harusi amejibana pembeni, tumbo limekuwa la pembe kama kiboksi, dalili kwamba atazaa wakati wowote. Gari la maziwa lilikuwa limekwisha kupita, wala hatukuwa na njia ya kurudi kijitoni siku hiyo.

"Nilichagua kwa uzuri," akasema.

"Uliwahi kuchagua kwa uzuri ukapata bahati," nikamwambia.

Alitabasamu, lakini kidogo tu. Nikaenda uani nikaleta beseni.

"Hizo ni takataka za dada."

"Una nyingine?"

Aliyasafisha uzi kwa uzi, kibano kikimtetemeka mkononi, akabadilisha maji, kisha akayatandaza mpaka yakajaza nusu ya tangi. Bi Harusi aliingia humo, ukabaki kuonekana mkia tu.

Kesho yake sikusikia ukucha kwenye kioo. Niliinuka nikiwa na wasiwasi. Mzee alikuwa ameketi wima kabisa, akainua kiganja ili nisikanyage kwa kishindo. Nikainama karibu naye. Ndani ya zile nyuzi kulikuwa na macho, madogo kama ncha za pini, mawili mawili kila mahali. Samaki wakubwa walizunguka nje, wakasukuma vichwa, wakashindwa kupenya. Adhuhuri ilipofika, watoto walikuwapo. Jioni walikuwapo bado, na mama yao amepumzika chini, akipumua polepole.

Mzee akaniomba simu. Alibonyeza kitufe cha spika bila kujua, sauti ya dada yake ikajaa chumba.

"Kitasa. Umesahau nini kwangu?"

"Watoto wamepona, dada."

"Kwenye yale majani mekundu uliyoyalaza kama wagonjwa?"

"Yale yameoza. Wako kwenye yale uliyofungashia."

Wifi alicheka mpaka akakohoa. Baadaye mzee akaanza kumweleza jinsi wanavyojificha, jinsi mmoja anavyotoka kuchungulia na kurudi mbio, jinsi mikia yao bado haina rangi. Aliongea kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akiongea kwenye simu. Upande wa pili cherehani ilikuwa imenyamaza, wala wifi hakumkatiza kwa utani hata mara moja.

"Sasa mtahitaji mengine," akasema mwishowe. "Huku yameshaanza kuota tena."

"Hapana, dada," mzee akajibu, mkweli kama kawaida yake. "Haya yanajiotea yenyewe. Yatatutosha kabisa."

Nilimfinya mkono. Akanitazama, hajaelewa kosa lake.

"Basi njooni bila ndoo," wifi akasema.