Printa Imefungwa

Siku Ngusa alipoondoka hakuagana na mkewe vizuri, kwa sababu printa ilikuwa inapiga kelele. Alisimama mlangoni pa duka lao hapo Bariadi mjini, akasema neno, na Evalina akajibu "Ee" bila kusikia, kwani alikuwa ameshika karatasi isije ikajikunja. Ngusa alikuwa anakwenda Mwanza kununua utepe wa wino. Wakati wa kurudi alidandia lori lililokuwa linakuja tupu kubeba pamba, nalo likapinduka hata Magu halijafika. Neno alilosema pale mlangoni Evalina hajalijua mpaka leo.

Zilikuwa zile enzi pamba ilipoachiwa huru. Zamani mnunuzi alikuwa ushirika peke yake. Sasa kila mwenye mizani na lori alijiita kampuni, na kila kampuni ilitaka karatasi zenye jina lake: matangazo ya bei, stakabadhi, vitambulisho vya mawakala. Ngusa aliliona hilo mapema. Aliuza ng'ombe zake, akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika na printa ya utepe, ile inayolia kama mashine ya kusaga, akapanga chumba kwa Mzee Mustapha na jenereta ndogo nyuma. Evalina, binti wa wauza dagaa wa Lamadi, aliyemaliza kidato cha nne na kujifunza kupiga taipu, ndiye aliyekaa mbele ya mashine. Hawakujaliwa mtoto. Duka ndilo walilolilea.

Basi matanga hayajaanuliwa, Magese, kaka yake Ngusa, akaingia dukani.

"Shemeji, mali ya marehemu haiwezi kulala kwenye chumba kisicho na mwanamume," alisema. Akazing'oa nyaya kama mtu anayeng'oa mihogo, akaifunga mashine ndani ya blanketi, akaipeleka kwake Lalago.

Evalina alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, kichwa kimefungwa kitambaa. Hasira ilikuwepo, lakini siku zile ilikuwa bado haijapata mdomo.

Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao. Mzee Mihayo, baba mkubwa wa Ngusa, alisema mashine irudi kwa mjane, afanye kazi msimu mmoja. Akiweza kujilisha, duka ni lake. Akishindwa, Magese atalichukua, na mjane atarudi kwao Lamadi. Watu wakaitikia. Magese naye akaitikia, akitazama pembeni.

Magese mwenyewe ndiye aliyeirudisha mashine, na mwenyewe akachomeka nyaya. Evalina alipotaka kusaidia alimsukuma kwa kiwiko.

"Mimi nimefanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba. Mashine kubwa kuliko nyumba hii! Kaa."

Kompyuta ikawaka. Printa ikawaka. Evalina akaandika tangazo la bei la mnunuzi mmoja wa Lalago aliyekuwa anasubiri kwenye benchi, akaamuru lichapwe. Kimya. Akaamuru tena. Akazima vyote, akawasha, akaamuru tena. Taa ya kijani ya printa ilimkodolea macho tu, kama mgeni asiyejua lugha.

Mnunuzi alinyanyuka. "Mama, mimi pamba haitaningoja," akasema, akaenda kuchapisha Maswa.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Kila asubuhi Evalina alituma tangazo lile lile, na kila asubuhi kimya. Alifungua printa, akapangusa vumbi, akabadilisha utepe. Akaketi tena. Wateja wakapungua, na badala yao wakaja watu wa kuchungulia. Na kila siku ya mnada Magese alipita, kofia kisogoni, akiuliza kutoka barabarani kwa sauti ya kusikika sokoni: "Vipi, shemeji, imeongea?"

"Bado."

"Labda inamlilia mwenyewe!" Akacheka, na waliokaa barazani wakacheka naye. Siku nyingine hakucheka. Alisema, "Mashine ilikuwa nzima mikononi mwa ndugu yangu. Imefika kwako imekuwa bubu." Wakati huo barazani hakukuwa na aliyecheka, na hicho ndicho kilichomtia Evalina baridi. Nchi ile, mwanamke asiye na mume wala mtoto akianza kusemwa namna hiyo, maneno hayaishii barazani.

Alimwita Hamimu, kijana wa ukoo wa wenye maduka, aliyekuwa amesomea kompyuta Dar es Salaam na kurudi kuuza redio. Hamimu hakuwa ameiona mashine ile kabla. Siku aliyokuja ndiyo siku Magese alimleta Mzee Mihayo na ndugu wengine wawili kushuhudia kwamba mjane ameshindwa. Walisimama mlangoni, wakaziba mwanga.

"Mwadila, mayu," Mzee Mihayo alisalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, baba. Karibuni." Hapakuwa na viti vya kutosha, na wala Evalina hakuvitafuta.

Hamimu alianza na printa. Aliizima, akabonyeza kitufe kimoja, akaiwasha huku amekishika. Printa ikapiga ukelele, ikaandika herufi mistari mitatu. Wazee wakarudi nyuma hatua.

"Printa nzima," Hamimu alisema. "Inajiandikia yenyewe bila kuambiwa. Kompyuta nayo nzima. Basi hawa wawili hawasikilizani. Tuangalie wanakoonana." Akageukia kompyuta, akafungua dirisha hili na lile kwenye kioo, akasoma. Ghafla akajipiga paja kwa furaha.

"Nimeipata! Hii printa imefungwa!"

Fundi akisema kitu kimefungwa mahali, ana maana kimewekwa, kimeunganishwa hapo. Ndivyo mafundi wa kila kitu wanavyosema: bomba limefungwa, taa imefungwa, injini imefungwa. Lakini mlangoni pale hakusimama fundi.

"Mmesikia?" Magese alipaza sauti. "Baba, umesikia? Imefungwa! Si mimi niliyesema. Kasema mtaalamu!"

"Sivyo, mzee," Hamimu alisema, "imefungwa LPT mbili, yaani tundu la pili la..."

"Mara mbili! Imefungwa mara mbili!"

"Nani kaifunga?" mmoja wa ndugu akauliza kwa sauti ya chini, na wote wakamtazama Evalina.

Hapo ndipo hasira ilipopata mdomo. Evalina aliinama chini ya meza, kanga ikafagia vumbi, akaivuta kompyuta akaigeuza kisogo. Matundu yalikuwa mawili, mapana, yanayofanana kama mapacha. La kwanza lilikuwa na doa jeusi la moto pembeni. Alikumbuka: mwaka ule alipokwenda kumuuguza mama yake Lamadi, jenereta ilipandisha umeme ikaunguza kitu, na Ngusa akasema tu, "Nimeshatengeneza." Ngusa alikuwa mtu wa kutengeneza mambo bila kusimulia. Aliweka tundu la pili, akaiambia kompyuta ipeleke maneno huko. Na waya wa printa sasa ulikuwa umechomekwa kwenye lile tundu lililoungua.

"Nani alichomeka huu waya?" Evalina aliuliza, bado amepiga magoti.

Magese akageuka kutazama barabarani.

"Nauliza! Nani alinisukuma kwa kiwiko, akasema nikae? Nani amefanya kazi kiwandani, mashine kubwa kuliko nyumba? Shemeji Magese, ni mkono wako huu!"

"Usinitajetaje, wewe."

"Nitakutaja! Umenisimanga barazani msimu mzima kwa upumbavu wako mwenyewe!"

Akaung'oa waya, akauhamishia tundu la pili, akakaza.

Printa iliruka. Ilianza kuandika tangazo la bei la yule mnunuzi aliyekimbilia Maswa, ikamaliza, ikaanza tena lile lile, na tena, kwa maana kila alichokuwa ametuma siku zote zile kilikuwa kimekaa foleni kikingoja njia. Karatasi zikamwagika mezani, zikashuka sakafuni, BEI NZURI, MIZANI YA HAKI, BEI NZURI, MIZANI YA HAKI. Hamimu alicheka mpaka akashika ukuta. Evalina alisimama na vumbi magotini, akimtazama Mzee Mihayo, akingoja aseme.

Magese ndiye aliyesema, polepole, karibu kwa upole.

"Mmeona wenyewe. Fundi kashindwa. Yeye kaingia chini ya meza, kagusa mara moja, ikafunguka." Akamgeukia Mzee Mihayo. "Nani anaweza kufungua kitu hivyo, kama si aliyekifunga?"

Kicheko cha Hamimu kikakatika.

"Mzee, nitakuonyesha tundu lenyewe," akasema. "Njoo uone, limeungua."

Mzee Mihayo hakuinama. Alitazama karatasi zinazoendelea kumwagika, akavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kupatanisha kwa kumpa kila mmoja nusu.

"Mayu," alisema, "mashine imefanya kazi, na mimi nimeona. Duka utakaa nalo. Ila maneno yameshatoka, na ukoo una hofu. Twende Lalago, mganga akusafishe mbele ya watu. Jambo dogo. Ukioshwa, hakuna atakayekugusa."

"Nioshwe nini, baba?"

"Uoshwe tu, mwanangu. Watu watulie."

"Nikikubali kuoshwa nimekubali kuwa nina uchafu. Kesho ng'ombe akifa Lalago mtasema nini? Mtoto akiugua?" Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka waliokuwa barabarani wakasimama. "Mume wangu nimemzika. Nimenyamaza mkiingia humu kama soko. Sasa mnataka nisimame uchi wa maneno mbele ya ukoo, niombe radhi kwa waya aliouchomeka huyu? Siendi."

"Fikiri, mayu."

"Nimefikiri. Muosheni yeye mikono!"

Mtu mmoja barabarani alicheka. Mzee Mihayo aliweka kofia yake kichwani. "Basi umejihukumu mwenyewe," alisema, na wakatoka.

Wiki ile ile Magese alikuja na gari. Evalina hakumsaidia kubeba, na alipoulizwa waya unaingia tundu gani, alifunga mlango wa chumba chake cha nyuma. Hamimu naye aliitwa Lalago akakataa. Habari zilizofika mjini baadaye ni kwamba mashine haichapi, na kwamba huko wanasema mjane ameifunga upya.

Siku hizi Evalina anachapa stakabadhi za wauza dagaa Lamadi, kwa mashine nyingine. Kaburi la Ngusa liko Lalago. Haendi.