Stuli za Bwana Randa

Jumamosi asubuhi Bwana Randa alipigilia kibao cha mwisho cha paa la kibanda cha ndege, akakipuliza vumbi, akakiacha juu ya meza ya barazani gundi ikauke. Pembeni kilikuwa wazi kile kitabu chake cha kazi za mbao za nyumbani na bustanini, kurasa zimebanwa na kopo la misumari. Kilikuwa cha zamani, alikirithi kwa baba yake. Picha zake zilionyesha wanaume waliovaa tai, wanapiga randa bila vumbi hata chembe kwenye viatu, na nyuma yao, katika kila picha, mke amesimama na sinia lenye bilauri ya kinywaji.

Jumapili asubuhi kibanda cha ndege kilikuwa stuli.

Ilikuwa stuli nzuri, haina yumbayumba, ina ubao wa kuwekea miguu, na pa kukalia pamepigwa msasa mpaka panateleza. Bwana Randa aliizunguka, akavaa miwani, akasoma upya maelezo ya kibanda cha ndege.

"Nitakuwa nimeruka hatua," alisema, kisha akaita chai.

Chai aliileta binti yake. Alikuwa amerudi nyumbani juma hilo hilo kutoka mjini, alikokuwa akipokea simu ofisini, kazi ya kukaa kutwa nzima. Aliomba ruhusa ya siku chache aje kumwangalia mama yake. Ruhusa ilikuja kurefuka, na kiti chake akapewa mwingine.

Mama alikuwa amelala chumbani, miguu imevimba, mishipa imesokotana chini ya ngozi. Daktari aliipapasa, akauliza mgonjwa anafanya kazi gani. Mama akajibu kwamba hafanyi kazi, yuko nyumbani tu. Daktari akasema hii ni miguu ya mtu aliyesimama maisha yake yote, angekuwa anapata pa kukaa kidogo kidogo mambo yasingefika hapa. Sasa mgongo nao ulikuwa umekataa, na bila mito huku na huku mama hakuweza hata kuketi.

Jiko la nyumba ile lilijengwa na meza ya saruji ndefu, ya kupikia mtu akiwa wima. Mwaka wa kwanza wa ndoa mama aliomba stuli, ndefu kiasi cha kulingana na meza, yenye pa kuwekea miguu. Bwana Randa akasema kesho kutwa. Stuli ilikuwa kazi ya kwanza kabisa kitabuni, ya wanaojifunza kushika msumeno, na yeye aliiruka kwa sababu aliona ni ya watoto. Akatengeneza geti la bustani. Akatengeneza sanduku la maua lenye magurudumu, na bembea, na kila kitu ambacho mpita njia angeweza kukiona akasifu. Mama aliposema basi anunue stuli dukani, aliambiwa nyumba ya fundi hainunui stuli, watu watacheka. Mganga hajigangi, lakini huyu wa kwetu alijiganga vizuri sana, ila kwa upande wa barabarani.

"Baba katengeneza stuli," binti alimwambia mama yake.

Mama alimgeukia. "Ina pa kuwekea miguu?"

"Ina."

"Basi ndiyo yenyewe. Imekawia tu njiani." Akaitazama miguu yake juu ya mto. "Mimi sina tena mgongo wa kuikalia. Ipeleke jikoni ukae wewe. Sitaki kusikia umesimama."

Binti aliipeleka jikoni. Akakaa, akachambua mchele, akaona kazi inakwenda.

Jumatatu Bwana Randa alianza benchi la bustani, na kulipokucha benchi lilikuwa stuli tatu. Kichanja cha kutambazia maua kikawa stuli. Geti, ambalo alilifungua ili abadilishe ubao mmoja tu, likawa stuli mbili, na mbuzi wa jirani wakaingia wakala maua yote yaliyokuwa yakingoja kichanja. Akalalamika kwa muuza mbao. Muuza mbao aliunusa ubao, akaugonga kwa kidole, akasema mbao hazina neno, labda ni misumari. Bwana Randa akabadili misumari. Stuli zilizofuata zilikuwa imara zaidi.

Wa kwanza kuja kukaa alikuwa jirani yao fundi saa. Alikaa, akajinyoosha, akasema hii si stuli, hiki ni cheo. Kesho yake akaja na shemeji yake, na shemeji akaja na wenzake wa kazini. Bustani ikajaa. Kila mtu alikuwa na pa kukaa, na mtu akishakaa hukumbuka kwamba ana kiu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Bwana Randa alisema kwa furaha ya kweli, akaagiza chai. Baada ya siku kadhaa akawa anaagiza na chakula cha mchana.

Binti aliamka alfajiri, akasimama mbele ya meza ya saruji, na hakukaa tena mpaka usiku. Stuli ya jikoni ilikuwepo asubuhi tu. Mgeni wa kuzidi alipofika, Bwana Randa alikuja kuichukua, akiiburuta sakafuni, na mama kutoka kitandani aliisikia ikitoka. Binti akirudisha nyingine, nayo ilifuatwa. Alikasirika, akailia hasira hiyo juu ya vitunguu, ambako machozi hayamuulizi mtu maswali.

Siku moja mama alimwita mumewe.

"Mzee, moja iache jikoni."

"Hata kumi. Wageni wakiondoka tu."

"Wageni hawaondoki."

"Subira huvuta heri, mama watoto."

"Yangu imevuta mpaka kamba imekatika."

Bwana Randa alicheka mpaka akashika mlango. Siku zote aliupenda ulimi wa mkewe, na alipotoka alimsimulia fundi saa mzaha ule, naye akacheka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha binti kuliko kazi yenyewe. Angekuwa mbaya, angejua pa kuanzia.

Hali ya mama ilipozidi, Bwana Randa aliacha mambo ya bustani. Alitaka kumtengenezea kiegemeo cha kitandani, aweze kuketi akatazama nje. Alipima mara nyingi, akapiga randa kwa upole. Kulipokucha ilikuwa stuli. Akarudia, ikawa stuli. Mara ya tatu binti alimkuta ameupigia magoti ubao, anauambia, "Nataka kiegemeo. Kiegemeo tu." Machozi yalikuwa yanamtoka, na binti alimhurumia, ingawa hakutaka.

"Usiugombeze," mama alimwambia mumewe alipoletewa habari. "Nyumba hii, huo peke yake ndio uliokuwa unanisikiliza."

Alifariki siku nne baadaye, mchana, bustani imejaa na birika la pili likiwa motoni.

Bwana Randa alisema hakuna fundi mwingine atakayemtengenezea mkewe jeneza. Alitoa mbao za mninga alizokuwa amezitunza kwa ajili ya kabati la vyombo vya wageni, akafanya kazi mpaka giza likaingia, akapaka vanishi kwa mkono wake. Asubuhi palikuwa na stuli moja, ndefu kidogo kuliko zote. Aliitazama sana. Kisha baba mdogo wa binti alipigiwa simu apitie karakana ya mjini anunue jeneza, naye akaja nalo.

Mazishi yalisifiwa. Waombolezaji walikuwa wengi, na kila mmoja alipata stuli, hata watoto. Wazee walisema hawajawahi kuona msiba ambao hakuna mtu aliyesimama.

Jikoni binti alikuwa amesimama. Masufuria yalikuwa ya kuazima, makubwa, na moshi ulikuwa mwingi. Watu walipokuwa wakirudi kutoka makaburini, aliichukua ile stuli ya mninga, akaisogeza kwenye meza ya saruji, akakaa. Urefu ulilingana sawasawa na meza. Nyayo zilifika kwenye ubao wa chini bila kutafuta. Akamenya kitunguu kimoja, akaanza cha pili.

Baba yake alitokea mlangoni, macho mekundu.

"Mwanangu, baba yako mdogo amerudi. Hana pa kukaa."

Binti aliinuka. Safari hii Bwana Randa hakuiburuta. Aliibeba kwa mikono miwili, kwa heshima. Mlangoni akageuka.

"Kesho kutwa nitakutengenezea ya kwako."

Msiba ulipokwisha kila mtu aliondoka na stuli yake kuwa kumbukumbu ya marehemu, na Bwana Randa hakuona vyema kumnyima mtu. Baba mdogo aliifunga ile ya mninga juu ya gari lake. Bustani ikabaki na alama za miguu ya stuli kwenye udongo.

Bwana Randa alikaa bila kazi kwa muda, kisha akakifungua tena kitabu kwenye ukurasa wa kibanda cha ndege.

"Anza na stuli, Baba," binti alimwambia. "Moja tu."

"Stuli zimenichosha, mwanangu. Acha nipumzishe akili kwanza."

Alipigilia, akapaka gundi, akalala. Kulipokucha kibanda cha ndege kilikuwa kibanda cha ndege. Hakushangaa. Alikichomeka juu ya mti mrefu katikati ya bustani, na fundi saa akaja kukitazama, amejiletea stuli yake kutoka nyumbani. Kabla ya saa nne shomoro aliingia ndani, na mwenzake akatua kwenye kijiti cha mlangoni, ambacho kitabu kilisema kisisahauliwe, ndege wapate pa kupumzikia.

Binti aliwaona kupitia dirisha la jikoni. Nyuma ya goti lake la kulia kulikuwa na mshipa mmoja wa rangi ya buluu, mwembamba kama uzi, ambao mwezi uliopita haukuwepo. Aliuhamishia uzito mguu wa kushoto, kama alivyokuwa akifanya mama yake.

"Mwanangu," baba yake aliita kutoka nje, "chai ya watu wawili."

"Naileta," binti alisema, akatafuta sinia.