Radi na Vioo Kumi na Viwili

Radi alistaafu mbio za magari akiwa na vikombe kumi na tisa, goti bovu, na imani kwamba biashara nayo ni mbio, ila haina kofia ngumu. Akanunua lori, akachora radi mlangoni, akatangaza kwamba anasafirisha vitu vinavyovunjika. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fisi kafungua bucha, walisema.

Mteja wake mkubwa, na kusema kweli mteja wake pekee, alikuwa Mama Vioo, muuza vioo vya madirisha. Mzigo wa kwanza ulifika na nyufa tatu. Wa pili, Radi alifungua mlango wa nyuma, akachungulia, akaufunga tena polepole, kana kwamba vipande vingeungana vyenyewe humo ndani.

"Kesho kuna vioo kumi na viwili vya zahanati mpya," Mama Vioo alimwambia. "Kikipasuka hata kimoja, kaka yangu, narudi kwa mzee wa mkokoteni. Haraka haraka..."

"Haina baraka. Nimeimbiwa hiyo tangu niko mgongoni."

"Basi wimbo haukuingia."

Alasiri ile Radi alifanya kama zamani, siku ya kuamkia shindano. Aliikagua njia nzima kwa miguu, kilomita nne, akiandika kila shimo daftarini. Kisha akaegemeza daftari kwenye usukani ajaribu na lori tupu. Akitazama daftari, shimo linampata. Akitazama shimo, daftari linaanguka miguuni. Alirudi nyumbani na nundu kwenye paji la uso.

Mkewe alikuwa sebuleni akikunja nguo. Miaka kumi na minne alikaa kiti cha pembeni katika kila shindano, akimsomea njia: kona, jiwe, mteremko. Lori liliponunuliwa, hakuulizwa neno.

"Nani kakupiga?"

"Usukani."

"Pole. Ulikuwa unautafutia nini kwa kichwa?"

Radi akaketi. "Nilidhani umechoka na magari, mama watoto. Nikasema upumzike."

"Nilipumzika wiki mbili. Miezi miwili hii nangoja useme."

"Basi nasema."

"Sisikii. Injini zako ziliniharibu masikio."

"Nisomee njia, tafadhali. Peke yangu siwezi!"

Akalichukua daftari, akalifungua, akaguna. "Mwandiko kama kuku kapita. Lete kalamu."

Asubuhi vioo vilisimamishwa wima, vikafungwa kwa mablanketi na magodoro makuukuu. Wakaondoka.

"Kushoto, taratibu. Taratibu zaidi. Shimo kulia, mita ishirini. Tuta. Nimesema tuta, usiruke!"

Baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa ikawapita. Fundi viatu akasimama kando ya barabara, kiatu mkononi. "Radi! Betri imekufa?"

"Tazama mbele," mkewe akasema. "Mashabiki hawamo daftarini."

Halafu akapita mzee wa mkokoteni mwenyewe, akawapungia mkono kama mfalme. Radi akauma mdomo, injini ikaanza kunguruma.

"Mguu," mkewe akasema bila kuinua macho.

Mguu ukatulia.

Zahanatini, Mama Vioo alikagua kioo kimoja kimoja, akikigonga kwa ukucha. "Kumi na viwili," akasema, kama mtu aliyenyimwa ugomvi. "Lakini saa nzima, kilomita nne! Nilikaribia kuwaulizia hospitali." Akamgeukia mke. "Keshokutwa viko thelathini. Ila wifi, usipokuwemo wewe, hilo lori silipakii."

"Nitakuwemo."

Kurudi walishika njia ndefu ya nyuma, isiyo na nyumba wala mtu. Radi alikuwa bado anatambaa. Mkewe akakaza mkanda, akafunua ukurasa wa mwisho.

"Mbele wazi. Mita mia tano, hakuna shimo. Nyuma hakuna mzigo."

Radi akamtazama. "Hiyo mimi sikuiandika."

"Niliikagua na kuiandika mimi alfajiri. Kanyaga, baba, kabla sijazeeka."