Msimu Ambao Hatukuhama

Kipaza sauti kilikuwa bado na joto la mkono wa Mzee Ngeleja nilipokabidhiwa, na watu walikuwa bado wanacheka. Ndivyo alivyokuwa mwenye nyumba wangu: anakupandishia kodi, na wewe unabaki unamchekea. Nilikohoa kidogo, kipaza sauti kikapiga yowe, wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi.

Halmashauri ilikuwa inakusanya maoni kuhusu sheria ndogo ya kodi za nyumba. Ilitaka mwenye nyumba asipandishe kodi katikati ya mkataba, wala asimtoe mpangaji kwa sababu tu msimu wa pamba umefunguliwa. Wenye nyumba walikaa chini ya turubai, kwenye viti. Sisi wapangaji tulijaa juani mbele ya ofisi ya kata, wengine wamesimama, wengine wametandika kanga chini.

Asiyewahi kupanga Bariadi hajui msimu wa pamba ni nini. Wanunuzi wanaingia, makarani wanaingia, madereva wa malori wanaingia, na wote wanataka chumba leo hii. Mzee Ngeleja anapita mlango kwa mlango, anakuulizia afya, anasifia mboga yako, kisha anakutajia kodi mpya. Asiyeiweza anapisha. Mimi, fundi cherehani, sikuwahi kuiweza, na mume wangu Fredrick alikuwa anavua kule Nassa, ambako ziwa lilikuwa limemnunia. Kwa hiyo kila mwaka tulifunga magodoro, mimi, binti yangu Jenipha na mama mkwe wangu Maximiliana, tukaenda kujibana kwa kaka yangu kule kijijini Nkoma mpaka malori yaondoke. Majirani walishatuzoea. Wakituona na godoro kichwani wanasema, haya, pamba imefunguliwa.

Lakini mwaka ule Jenipha, ambaye leo yuko kidato cha pili, alikuwa darasa la saba. Kumhamisha wakati wenzake wanajiandaa na mtihani ilikuwa sawa na kumfutia jina. Nilikuwa nimeapa mbele yake kwamba safari hii hatuendi popote. Niliapa bila kujua nitafanyaje.

Kwa hiyo nilisema nilichokuwa nacho, na hakikuwa kirefu. Nilisema nina mtoto ana mtihani, na nataka aufanye akitokea kwenye nyumba ninayoilipia. Diwani wetu, Bi Anna, akashukuru, akaomba wanaoiunga mkono sheria wanyooshe mikono.

Wenye nyumba waligeuka kwenye viti vyao wote kwa pamoja, kutazama. Hakuna mkono uliopanda. Mmoja ulinyanyuka pale nyuma, moyo ukanipasuka kwa furaha, kumbe mwenyewe anajikuna kisogo. Sikuwalaumu. Mkono ukiuinua, uso wako uko chini yake, na mwenye nyumba ana macho. Ila hasira zilinipanda mpaka masikioni, na kipaza sauti nilikuwa bado ninacho.

Hapo ni lazima niseme Mzee Ngeleja alikuwa nani. Kabla ya kujenga nyumba alikuwa manju, kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo wa Bagalu. Sisi Wasukuma tuna vyama viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika. Baada ya mavuno vinaingia uwanja mmoja, siku moja, kila kimoja na upande wake, na mtazamaji anakwenda anakopenda. Aliyejaza watu ndiye mshindi, na hakuna wa kubisha. Mimi nilizaliwa upande wa Bagika.

"Mzee, wewe ni manju," nikamwambia. "Umewahi kuona ngoma ikiamuliwa kwa kunyoosha mikono?"

"Sijawahi," akajibu.

"Basi simama kule, mimi nisimame hapa. Anayekutaka aje kwako. Ukijaza uwanja, kesho nafunga godoro langu na simlaumu mtu."

Afisa mtendaji alimwinamia Bi Anna akilalamika kwamba huo si utaratibu. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu Mzee Ngeleja alikuwa ameshasimama na kuchomekea shati. Manju akiitwa uwanjani hasingizii miguu. Tena alikuwa na uhakika: nusu ya watu pale walikuwa Bagalu, waliomfuata tangu ujana wao, na mtu wa Bagalu hamfuati binti wa Bagika.

Tukasimama, yeye kule, mimi huku. Hakuna aliyejongea. Kisha mama mkwe wangu akainuka, akakung'uta kanga yake, akaanza kwenda kwa Mzee Ngeleja.

Maximiliana alikuwa mwitikiaji wa nyimbo zake tangu akiwa msichana. Alifika mbele yake, akapiga goti kama alivyompigia miaka yote, akamwamkia, "Mwangaluka, manju." Mzee akaitikia akitabasamu.

"Kwenye ngoma nimekufuata mpaka Malampaka," mama akasema, na sauti yake haikuhitaji spika. "Kwenye kuhama nimechoka."

Akainuka, akakata uwanja wote kwa mwendo wake wa taratibu, akaja kusimama ubavuni kwangu.

Wakaja. Kwanza wanawake wa Bagalu waliowahi kuitikia pamoja naye, kisha Bagika, kisha sikujua tena nani ni nani, niliona vumbi tu na watu wakisukumana kuja upande wangu. Kwa wingi ule hakuna mwenye nyumba aliyeweza kumtambua mpangaji wake. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na Fredrick analijua hilo.

Mzee Ngeleja alitazama upande wake mtupu, na wenye nyumba wenzake wachache waliobaki kwenye viti. Alivua kofia. "Andika, mheshimiwa," akamwambia Bi Anna. "Uwanja ni wao." Hakusema zaidi, na mimi sikumcheka.

Sheria ilipitishwa kabla ya msimu kufunguliwa. Malori yalipoingia mjini, godoro letu lilikuwa kitandani. Jioni moja nikiwa barazani nashona, karani mmoja wa pamba alifika na pikipiki, akasimama getini huku injini inanguruma, akamwambia Mzee Ngeleja kwamba anataka vyumba vyetu viwili na atatoa kodi yoyote atakayotajiwa. Niliondoa mguu kwenye cherehani. Mzee alimtazama yule kijana, akautazama mlango wetu, akamtazama tena.

"Humu kuna mtoto anasoma," akasema. "Zima hiyo pikipiki."

Karani akaizima, akaisukuma kwa miguu mpaka barabarani.