Saa ya Mzee Shigela

Saa nne kasorobo asubuhi mlango ulimkatalia Odoyo kwa mara ya tisa, na ulimkatalia kwa upole wa mwalimu wa zamu anayekunyima ruhusa ya kwenda mjini: bila kuinua macho, bila kutoa sababu. Ruhusa imekataliwa. Maneno meupe kwenye skrini nyeusi, na chini yake alama ndogo ikipepesa, ikingoja aombe tena ili ikatae tena.

Mlango wenyewe haukuwa na bawaba. Ulikuwa wa seva, kompyuta ya kijivu iliyokaa kwenye kituo cha afya kando ya ziwa, upande wa Magu. Odoyo alikuwa sebuleni kwake Kiseke, amevaa kaptula na shati jeupe lililopigwa pasi. Aliamini kwamba kazi ya heshima hufanywa kwa heshima, walau kuanzia kiunoni kwenda juu, hata kama anayekutazama ni mkeo tu. Mkewe, Rozina, hakuwa akimtazama. Alikuwa kwenye cherehani dirishani, akishona sketi za shule.

Iwekwe kwenye kumbukumbu kwamba Odoyo hakuwa mzembe. Kwa miaka sita alitengeneza simu chini ya mwavuli karibu na stendi ya Buzuruga, na hapo ndipo alipojifunza kuandika amri za kompyuta, kwa kutazama mafunzo ya bure kwenye simu za wateja waliochelewa kuzifuata, jambo ambalo historia imekwisha kumsamehe. Siku moja Sista Gladness, muuguzi mkuu wa kituo kile, alileta simu iliyopasuka kioo. Kwapani alibeba daftari la wagonjwa ambalo mchwa walikuwa wamelisoma kuanzia Januari hadi Agosti. Odoyo akasema angeweza kumwandikia programu isiyolika. Ndivyo alivyopata mkataba wa kwanza maishani wenye muhuri, nao aliuwekea fremu na kuutundika mahali ambapo familia nyingine hutundika picha ya harusi.

Sasa programu ile ilikuwa na kazi moja. Kesho yake, Ijumaa, madaktari wa macho wangefika kituoni kwa siku moja tu kuwatoa watu mtoto wa jicho. Waliojiandikisha walikuwa mia moja na kumi na wawili. Programu ilituma ujumbe kwa arobaini wa kwanza, ikajiona imefaulu, ikalala. Sabini na wawili hawakujua kama siku yao imefika. Wengi walikaa vijiji vya mbali, na magari ya mnadani ambayo yangeweza kuwaleta yangeondoka saa nane mchana. Asiyepata habari kabla ya hapo asingefika, na madaktari wasingerudi mpaka mwakani.

Odoyo alikuwa ameliona kosa na kulirekebisha. Kilichobaki ni kuipandisha programu mpya kwenye seva, kazi ya dakika kumi. Saa tatu asubuhi aliingia kwa kibali cha jana, kwa maana kila kibali cha kuingilia kilidumu siku moja tu, kama karatasi ya ruhusa ya kutoka shuleni. Akazima programu ya zamani. Sekunde hiyohiyo umeme wa Kiseke ukakatika na mtandao ukaondoka nao. Uliporudi baada ya nusu saa, kibali cha jana kilikuwa kimekwisha muda. Akakifuta, akachukua kipya, kibichi kabisa, cha asubuhi ile. Mlango ukakikataa.

Hali ikawa hivi: programu ya zamani imezimwa, mpya iko Kiseke, na namba za simu za watu sabini na wawili zimefungiwa ndani. Aliyezifungia ni yeye.

Alijaribu yote ambayo mtu hujaribu. Alikagua kibali chake herufi kwa herufi. Alizima kompyuta akaiwasha. Aliazima bando la Rozina, ikiwa tatizo ni mtandao wake. Aliiamuru kompyuta imsimulie kila inachofanya njiani, nayo ikamsimulia mistari sitini: nimefika, nimebisha, nimesalimiana na seva, tumekubaliana lugha ya siri, nimetoa kibali. Kisha mstari wa sitini na moja: ruhusa imekataliwa. Akasali, sala fupi, isiyo na mapambo. Mstari wa sitini na moja haukubadilika.

Kwenda mwenyewe kulitaka saa mbili na nusu, kama basi lisingeamua kusubiri abiria. Akachukua simu ya Rozina, akapiga kituoni.

Sista Gladness alikuwa na kina mama kumi na mmoja kwenye benchi na mtoto mmoja anayelia kwenye mizani. Odoyo alimweleza, akilainisha hapa na pale. Alimhakikishia kuwa ujumbe utakwenda, kwa sauti ambayo hata yeye hakuiamini. Sista akamshusha mtoto kwenye mizani.

"Odoyo, watu hawa niliwaahidi mwaka jana, madaktari wasije," alisema. "Safari hii wamekuja kunisalimia kwa kunishika mkono, wapapase wajue ni mimi. Sina uso wa kuwaahidi mara ya tatu."

Odoyo akauliza kama kuna mtu aliyeigusa ile mashine. Sista akajibu kuwa chumba hufungwa, na ufunguo anao Mzee Shigela, mlinzi. Labda amwulize yeye. Odoyo akasema hapana, asante, hili ni jambo la kitaalamu kidogo.

Tuandike kwa herufi kubwa kwamba alisema hivyo. Kisha akarudi kwenye skrini kulishughulikia jambo la kitaalamu, na kwa dakika arobaini na tano mlango ukamkatalia kitaalamu.

Ilipofika saa nne unusu alipiga tena. Aliomba mtu yeyote, yeyote kabisa, aingie chumbani amsomee kilichoandikwa kwenye skrini ya seva. Sista akampa simu huyo yeyote kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ngosha," alisema Mzee Shigela, akimwita mwanamume kwa Kisukuma. "Sista anasema unaumwa kompyuta."

Funguo zikalia, mlango wa kweli ukafunguka. Odoyo alisikia kifaa cha kupozea mashine kikivuma. Alimwomba asome kila kitu, hata asichokielewa, na mzee akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani. Kuna jina la kituo. Kuna sehemu ya kuandika. Juu kabisa kuna saa.

"Saa inasemaje?"

"Sufuri nne, vidoti viwili, arobaini na moja."

Odoyo akatazama simu ya Rozina. Ilisema 10:41. Alikuwa na kompyuta mbele yake, lakini alihesabu tofauti kwa vidole. Sita kamili.

"Mzee, hiyo saa aliiweka nani?"

"Mimi," alisema Mzee Shigela. "Ina kosa? Kila asubuhi nailinganisha na ya ukutani. Haijapoteza hata dakika."

Maelezo yakaja taratibu, na Odoyo hakuyakatiza. Jumanne usiku umeme ulikatika huko. Uliporudi asubuhi mashine haikuamka. Ilisimama na maandishi, ikiuliza. Sista alikuwa kwenye semina. Mzee hakujua Kiingereza kingi, ila neno lile la muda lilikuwa kwenye daftari lake la getini, limeandikwa kwa lugha zote mbili, na kwa miaka kumi na nne alikuwa akilijazia kila mgeni aliyepita. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Akaandika moja na thelathini, akabonyeza kile kidude kikubwa alichomwona Odoyo akikibonyeza, na mashine ikaamka.

"Ilikuwa inauliza saa, ngosha. Kitu kikikuuliza saa, unakijibu."

Odoyo aliegemea kiti. Mwezi uliopita alikuwa ameona kwamba kibetri kidogo cha ndani ya seva, kile kinachoikumbusha saa umeme ukikatika, kinakaribia kufa. Aliandika kwenye kikaratasi kwamba akibadilishe. Kikaratasi kile kwa sasa kilizuia meza ya Rozina isiyumbe. Kama mzee asingeijibu mashine, ingekuwa imesimama tangu Jumanne ikiuliza, na Odoyo asingekuwa hata na mlango wa kumkatalia. Kibali chake kipya kilikuwa sahihi. Ila kilianza saa tatu na nusu ya leo, na kwa hesabu ya seva saa tatu na nusu ilikuwa bado haijafika. Ingefika saa tisa na nusu alasiri, na hapo mlango ungefunguka wenyewe, magari ya mnadani yakiwa yameondoka zamani.

"Mzee," alisema, "hujakosea. Mashine ndiyo inahesabu vingine. Yenyewe huanza kuhesabu usiku wa manane."

"Watu wakiwa wamelala?"

"Ndiyo."

"Nani aliamua hivyo?"

Odoyo akamwomba akae kwenye kiti.

Kilichofuata kilivunja kanuni zote za usalama ambazo Odoyo mwenyewe aliziandika, akazitia saini na kuzibandika kwenye mlango wa chumba kile. Ili kuirekebisha saa ilimbidi mzee aingie kama msimamizi mkuu, na kwa hilo alihitaji neno la siri. Odoyo alilijua. Alilichagua mwenyewe, katika saa ya udhaifu. Alitazama dirishani. Alishusha sauti.

"Andika herufi ndogo tupu. Ra. O. Za. I. Na. A."

Cherehani ikapunguza mwendo.

"Nimeandika," alisema mzee, ambaye alikuwa ameiweka simu ya Sista kwenye spika, kidole chake kimoja kikiwinda herufi. "Ni Rozina. Halafu?"

"Halafu endelea bila nafasi. Na. A. Ka. U..."

Cherehani ikasimama kabisa. Odoyo aliimalizia herufi moja moja, akiitazama skrini kama mtuhumiwa anayeitazama sakafu ya mahakama, na Mzee Shigela, kwa kuwa ni mtu mwangalifu, akalisoma lote kwa sauti ili kuhakikisha. "Rozina nakupenda. Ni hilo?"

"Ni hilo, mzee."

Kwa mujibu wa mashuhuda, ambao walikuwa mmoja, Odoyo hakuwa amelitamka neno hilo ndani ya nyumba ile tangu mwaka wa harusi. Rozina aliondoa sketi kwenye sindano, akaikunja, ingawa ilikuwa na upande mmoja tu.

Amri ya kurekebisha saa ilichukua dakika sita. Mzee alisita mara moja tu, alipoambiwa aandike kumi na hamsini na tano. "Saa kumi ni jioni," alionya, na Odoyo alikubali kwamba ni jioni, akamwomba aidanganye mashine kwa niaba yake. Mzee akaidanganya, kwa majonzi yaliyosikika. Odoyo akaandika amri yake kwa mara ya thelathini na kitu.

Mlango ulifunguka bila sherehe. Skrini ikamwonyesha jina la seva na alama ndogo ikipepesa, kama kwamba hakuna kilichowahi kutokea.

Aliipandisha programu. Asilimia zikapanda moja moja, zikasimama kwenye sitini na mbili, zikamfanya mtu mzima aukamate mguu wa meza, zikaendelea. Akaiwasha. Kabla ya kuruhusu ujumbe uondoke aliusoma tena: *Matibabu ya macho ni kesho, 07:00. Njoo na mtu wa kukushika mkono.* Vidole vilikaa juu ya herufi kidogo. Alifuta ile 07:00, akaandika *saa moja asubuhi*. Kisha akabonyeza.

Ilikuwa saa tano na robo. Majina yakaanza kushuka, na mbele ya kila jina neno moja: umefika. Oyoo, umefika. Akumu, umefika. Mhoja, umefika. Rozina alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti, mkono begani mwa lile shati jeupe, akisoma naye majina ya watu wasiowajua. Kwenye simu, uani mwa kituo, mlio mdogo ulisikika, na sauti ya mwanamke ikamwomba mtoto amsomee. Sista Gladness alicheka mahali fulani mbali na simu, kicheko cha mtu aliyeshusha ndoo kichwani.

Sabini na moja.

"Wabeja sana, mzee," alishukuru Odoyo. Kisukuma chake kilikuwa cha mtu wa Rorya, na mzee alikicheka waziwazi. Odoyo alitaka kusema zaidi. Alitaka kusema kuhusu asubuhi, na kuhusu lile jambo la kitaalamu. "Ningekuuliza mapema, tungemaliza mapema," alisema.

"Si umeuliza?" alisema Mzee Shigela. "Wamefika wote?"

"Mmoja bado. Sabina Mashimba. Simu yake haipatikani."

"Haiwezi kupatikana. Anaiwasha Jumapili tu, baada ya ibada, aongee na mwanawe." Kiti kikakwaruza sakafu. "Anakaa nyuma ya kile kilima cha mawe. Nikitoka sasa, saa sita na nusu niko kwake. Namrudisha nimempakia."

Odoyo alisikia akizungumza na Sista mlangoni, na Sista akimpokea ufunguo wa geti. Simu ilibaki juu ya meza, karibu na seva. Mzee hakukumbuka kuikata. Mnyororo wa baiskeli ukasikika ukiburuzwa, kisha kengele, mara moja, kisha sauti za kina mama zikimpisha.

Odoyo hakukata. Aliisogeza simu ya Rozina karibu na sikio, wote wawili wakasikiliza kile chumba cha mbali kisicho na mtu: mashine ikivuma, kuku akiingia bila haraka, akidonoa sakafuni, na nje, mbali zaidi kila mara, matairi juu ya changarawe.