Urefu wa Bwawa Mara Nne

Siku tatu baada ya mahafali ya mwisho, Verlene Oosting alirudi Chuo cha Ellery akiwa na nguo ya kuogelea kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa na miaka sitini na minane. Shahada aliyopewa na chuo hicho ilikuwa imetundikwa sebuleni kwake tangu 1978, na hakuistahili, na jambo hilo halikuwahi kumpa raha.

Ellery kilikuwa chuo kidogo cha binafsi katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa, na kilikuwa na misimamo yake. Hata uwe bingwa wa hesabu, lazima usome ushairi kwa sauti mbele za watu, lazima upasue chura, na kabla ya kuvaa joho lazima uogelee urefu wa bwawa mara nne bila kushika ukingo. Bahari ya karibu ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa gari, lakini nani angethubutu kuwaambia waasisi?

Verlene alikipenda chuo kile mapenzi ya kijinga. Alipenda madarasa ya watu tisa, na profesa wa historia aliyewafundishia jikoni kwake huku supu ikichemka, na mabomba ya joto yaliyogongagonga ukutani kipindi chote cha baridi. Mikoba iliachwa koridoni kutwa nzima, hakuna aliyeigusa. Hata mitihani haikusimamiwa. Mwalimu aligawa maswali akaenda zake kunywa kahawa, na mwisho wa karatasi kila mtu aliandika kwa mkono wake kwamba hakupewa msaada wala hakutoa. Kudanganya mahali kama hapo ni sawa na kumwibia mama yako mzazi.

Naye alidanganya. Kina cha maji kilimtia kiwewe. Alijaribu mara mbili, akatolewa mara mbili akikohoa. Wiki moja kabla ya mahafali, Margit, mwenzake wa chumba, alivaa kofia ya kuogelea ya Verlene yenye namba thelathini na moja, akaingia bwawani asubuhi yenye mvuke mzito, akaogelea kwa niaba yake. Kocha Halvorsen akatia alama kwenye orodha, basi, yakaisha. Verlene akaenda kufundisha aljebra miaka thelathini na mitano, na kila alipomkamata mtoto akinakili, alimkemea kwa sauti ya chini kuliko walimu wenzake.

Februari ilipotangazwa kwamba chuo kinafungwa kwa kukosa wanafunzi, alilia. Kisha akajiandikisha kujifunza kuogelea pamoja na watoto wa miaka mitano.

"We kichaa wewe," Margit alimwambia kwenye simu, akicheka mpaka akashikwa na kwikwi. "Chuo chenyewe kinakata roho! Nani atakuuliza?"

"Mimi."

Bwawa lilikuwa chini ya ukumbi wa michezo, na harufu ya dawa ilikuwa ileile. Duane, fundi wa majengo, alikuwa akikagua pampu. Kwenye kiti cha plastiki alikaa Kocha Halvorsen, miaka themanini na sita sasa, filimbi shingoni. Duane alimnong'oneza Verlene kwamba mzee huja kila asubuhi na hakuna mwenye moyo wa kumzuia.

Verlene alisimama mbele ya mzee akayamwaga yote: kofia, mvuke, Margit. Maneno yale alikuwa akiyaandaa kwa miaka arobaini na sita.

Kocha alimtazama kidogo. "Binti, kila mwaka nilikuwa na watoto mia na ushei. Unadhani nakukumbuka wewe?"

"Hata jina?"

"Hata jina. Sasa umekuja kuongea au kuogelea?"

Hilo lilimuuma kuliko kutukanwa. Akaingia majini.

Mara ya kwanza alikwenda vizuri, na ya pili pia. Ya tatu pumzi ilianza kumpiga chenga. Ya nne, alipofika upande wenye kina, alitazama chini akaona sakafu imepotea, na woga wa zamani ukamkamata miguu. Mkono wake ukashika ukingo kabla hajauamuru.

Duane alipiga makofi. "Safi sana, mama! Kocha, mpe huyo, bwana. Ilibaki kidogo tu!"

"Ameshika ukingo."

"Kocha, mama wa watu anakaribia sabini!"

"Si namwona? Ameshika ukingo." Mzee alinyanyuka kwa taabu, akaja mpaka pale alipong'ang'ania Verlene. "Hujafaulu, binti. Rudi kesho."

Verlene alilia palepale majini, na kilio kile kilikuwa kitamu. Haya ndiyo maneno aliyoyakimbia akiwa na miaka ishirini na miwili, na kumbe hayakuwa na ukali hata chembe. Angeyasikia mara ya tatu, angerudi kesho yake, na keshokutwa, na mtu huyu angekuwa pale akimsubiri mpaka aweze. Kumbe alijinyima mwenyewe.

"Kocha," Duane alisema kwa upole, "kesho ndiyo tunatoa maji."

"Saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi."

Kocha alimgeukia Verlene. "Basi uwe hapa saa kumi na mbili," akamwambia. "Tutakuwa na masaa matano mazima."