Viraka Kumi na Kimoja

Daktari alimwambia Kipenga apunguze hasira. Refa huyu mstaafu, aliyebaki mtaani na jina la kifaa chake cha kazi, alikuwa na presha iliyopanda hata akisikiliza utabiri wa hali ya hewa. Mkewe, mshonaji wa mapazia, akaona dawa iko kwenye kuta. Sebule yao ilikuwa nyekundu tangu walipohamia; mtu angetuliaje ndani ya tanuri?

Akaitwa fundi rangi, mtu wa maneno machache, awapakie viraka vya majaribio ukutani. Mke alitaka kijani cha majani machanga, kiendane na mapazia yake. Kipenga akasema hicho ni kijani cha wodini, atakuwa anakaa humo akisubiri sindano. Yeye alipenda buluu. Mkewe akamjibu kwamba buluu ile ni ya mabeseni. Krimu ilikataliwa kwa sababu ya mikono ya wajukuu. Kijivu kilikwama shemeji alipopita na kuuliza nani kafariki. Kufikia siku ya tatu ukuta ulikuwa na viraka kumi na kimoja.

Siku ya nne waligombana juu ya foronya za mito ya kochi.

"Nataka kutulia!" Kipenga alinguruma, mishipa ya shingo imemsimama. "Nataka kutulia sasa hivi!"

Mkewe akamkokota hadi jikoni kumpima presha, na huko wakaanza kubishana mkono upi ndio unaopimwa.

Waliporudi, fundi alikuwa amemimina mabaki yote kwenye ndoo moja, akakoroga, na ukuta mmoja ulikuwa umekwisha kupakwa. Haikuwa kijani wala buluu, na kijivu haikuwa. Ilikuwa kama anga kabla jua halijachomoza. Wakaketi bila kuambizana.

"Inaitwaje?" mke aliuliza kwa sauti ya chini.

"Haina jina, mama. Ni zile zote mlizozikataa."

Kipenga akaagiza kuta tatu zilizobaki zipakwe hivyo hivyo. Fundi akainamisha ndoo: tupu, na vipimo vya mchanganyiko hakuvishika kichwani. Mke akamtazama mumewe, akingoja mlipuko.

Kipenga akashusha pumzi. Akainuka, akashika kochi upande mmoja, akamwomba mkewe ashike wa pili. Wakaligeuza likatazama ukuta ule, televisheni ikabaki nyuma ikijisemea peke yake.

Siku hizi wageni wao huketishwa hapo, macho ukutani. Wengi hutamani kuuliza kulikoni, ila mwenye nyumba huwa keshasinzia.